Hela Ilipokuwa Sarafu

Ukiingia Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro mjini, kabla jua halijapanda juu ya Milima ya Uluguru, utasikia neno moja likirudiwa kuliko jina la bidhaa yoyote. Mama aliyeshuka na mdalasini na pilipili manga kutoka Kinole anakuuliza kama una hela ndogo. Muuza ndizi wa Mkuyuni analalamika kwamba siku hizi hela ni ngumu. Kondakta wa daladala anataka hela yake kabla gari halijaondoka. Tumelizoea neno hilo hata hatujiulizi limetoka wapi.

Limetoka kwenye sarafu ndogo ya bronzi, yenye upana wa milimita 20 na uzito wa gramu 4. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1904 kwa ajili ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande mmoja ina taji la mfalme, upande wa pili imeandikwa thamani yake: 1 Heller. Hela 100 zilifanya rupia 1. Ufalme ule ulianguka na sarafu yenyewe ikaacha kupokewa madukani, lakini jina lake lilikuwa limeshaingia vinywani mwa watu na halikutoka tena.

Naandika historia hii kwa sababu nyumba nyingi za Morogoro na vijiji vya mlimani bado zina sarafu za namna hiyo, ndani ya vikopo vya vifungo, chini ya masanduku ya nguo, au shambani chini ya jembe. Wenyewe huziona kuwa chuma chakavu. Ukweli ni kwamba kila moja ni hati ya kihistoria, na mtu wa kawaida anaweza kuisoma mwenyewe akiwa na vitu viwili: kitabu cha kumbukumbu na kioo cha kukuzia.

Mimi nilianza vibaya. Sarafu yangu ya kwanza ilikuwa ya marehemu babu, nyeusi tititi, yenye maandishi yasiyosomeka. Nikaisugua kwa majivu na limao mpaka ikang'aa kama sufuria ya sikukuu. Nilijivuna nayo. Baadaye nikaja kujua kwamba ule weusi ulikuwa ngozi ya sarafu, utando ambao shaba hujivika kwa miongo mingi na ambao huilinda. Nilikuwa nimeuondoa pamoja na nusu ya herufi. Tangu siku ile sijaosha sarafu tena, na kila anayeanza humwambia jambo hilo kabla ya mengine yote: usisugue, usipake limao, usitie dawa. Udongo laini uloweke kwenye maji safi tu, kisha iache sarafu ikauke yenyewe.

Aliyenifungua macho hakuwa mkusanyaji wa sarafu. Alikuwa dalali wa vito. Morogoro ni mji wa vito. Rubi hutoka Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, na spineli hutoka Mahenge, kusini zaidi katika mkoa huu huu. Kila mnunuzi wa maana hubeba kioo kidogo cha kukunja chenye uwezo wa kukuza mara 10. Yule dalali alinionyesha namna ya kukitumia. Nilikuwa nimekishika mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayesoma gazeti. Akanirekebisha: kioo kinakaa karibu kabisa na jicho, halafu kitu unachokitazama ndicho kinachosogezwa taratibu hadi kionekane wazi. Mwanga utoke ubavuni, ili herufi zilizochakaa zitupe kivuli. Nikageuza sarafu ya babu chini ya mwanga wa dirisha, na kwenye ile sehemu niliyodhani ni tupu ikaibuka herufi T.

Sikujua ile T ina maana gani, na kioo hakikuweza kuniambia. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kitabu. Wakusanyaji wa dunia nzima kwa muda mrefu wametegemea katalogi ya Krause na Mishler, Standard Catalog of World Coins, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na baadaye kugawanywa kwa karne. Kwa sarafu za Wajerumani kipo kitabu cha Kurt Jaeger, ambamo kila sarafu ya koloni letu imepewa namba yake. Toleo la zamani linatosha kabisa kwa anayeanza, kwa kuwa bei hubadilika ila uzito, madini na alama hazibadiliki.

Anayefungua katalogi kwa mara ya kwanza hukutana na jambo la kushangaza. Atatafuta Tanganyika na hataiona. Nchi iliyokuwa na jina hilo kwa zaidi ya miaka 40 haikuwahi kuwa na sarafu yake yenyewe. Inabidi utafute Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha Afrika Mashariki, kisha Tanzania. Zanzibar ina ukurasa wake. Mpangilio huo wa kurasa ni historia tosha ya nani alitawala na kwa jina gani, na ndio nitakaoufuata hapa.

Kabla ya yote hayo palikuwa na Simbamwene. Katikati ya karne ya 19 Kisabengo alijenga mji wenye ngome chini ya Uluguru, karibu na mto Morogoro, na baada yake alitawala binti yake aliyejulikana kwa jina la Simbamwene. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapo. Stanley aliuona mji huo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Biashara ya njia ile ilikwenda zaidi kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Sarafu ilikuwa mali ya pwani, nayo ilipanda bara polepole.

Sarafu kubwa ya wakati huo ilikuwa ya fedha, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na watu wa pwani waliiita reale. Inatoa somo la kwanza kwa mkusanyaji. Kila reale ya namna hiyo ina mwaka 1780, ule aliofariki malkia mwenyewe, lakini viwanda viliendelea kuitengeneza kwa mwaka uleule kwa zaidi ya karne nzima, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka kupokea nyingine. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu ya sarafu ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa. Anayekuuzia reale ya 1780 kwa madai kwamba ina umri wa miaka zaidi ya 240 huenda hajui, au anajua.

Zanzibar nako Sultani Barghash bin Said alitoa pesa zake za shaba zenye picha ya mizani na mwaka 1299. Anayeanza huruka kwa furaha akidhani ameokota sarafu ya karne ya 13. Mwaka huo ni wa Hijria, na ni sawa na 1881 hadi 1882. Jina pesa lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka India, ambako paisa ilikuwa chenji ya rupia.

Wajerumani walipokuja hawakuthubutu kuuvunja mfumo huo. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake, na ikaziita pesa na rupia vilevile, pesa 64 kwa rupia 1. Ukiiweka pesa ya 1890 chini ya kioo utaona hofu ya mgeni anayetaka kukubalika. Upande mmoja una tai wa Ujerumani na jina refu la kampuni kwa Kijerumani. Geuza, na upande wa pili ni maandishi ya Kiarabu yanayotaja kampuni ya Ujerumani, na chini yake mwaka 1307. Sarafu moja ina kalenda mbili. Watu wa pwani walisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na kampuni ilijua kwamba sarafu isiyosomeka haiaminiki. Pesa hizo zilitolewa kwa mwaka 1890, 1891 na 1892 tu.

Rupia yenyewe ilitengenezwa ilingane na rupia ya India: gramu 11.66 za fedha nzuri. Upande mmoja una Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai aliyetandaza mbawa kileleni, na jina lake limeandikwa kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili una ngao yenye simba na mnazi. Mafundi walichonga kwa ustadi mkubwa. Kwa kioo unaweza kuhesabu manyoya ya tai kwenye sarafu ambayo haikutumika sana, na hiyo ndiyo njia ya kupima hali yake. Kadiri manyoya yanavyolainika ndivyo sarafu ilivyopita mikono mingi.

Mikono hiyo haikuipokea kwa hiari kila mara. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba, na kwa nyumba nyingi za vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa mkulima wa Uluguru aliyelima mahindi na ndizi za kula, na ambaye ardhi yake ilipitia ukoo wa mama kama ilivyo desturi ya Waluguru, rupia haikuwa kitu cha shambani. Ilibidi aitafute. Auze mazao sokoni, abebe mizigo, au ashuke bondeni kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Milimani kulikuwa pia na machimbo ya ulanga, yale mawe yanayobanduka kama karatasi na kumetameta, yaliyokuwa yakisafirishwa Ulaya. Nikiishika rupia iliyolainika uso, huwa siwazi sana juu ya Kaisari. Nawaza juu ya mtu aliyeifunga kwenye pindo la shuka akapanda nayo mlima, na juu ya karani aliyeipokea mezani.

Mwaka 1904 mambo yalibadilika. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua haki ya kutoa sarafu kutoka kwa kampuni, na ikafuta hesabu ya pesa 64. Rupia ikawa na hela 100. Jina la kampuni likaondoka kwenye sarafu, yakaingia maneno Deutsch Ostafrika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1907, reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro, na hela zikaingia na kila treni. Mshahara wa kibarua na bei ya chumvi vikawa vinahesabiwa kwa kisarafu kile chenye taji. Hapo ndipo neno lilipoota mizizi.

Tazama hela yako kwa kioo utafute herufi ndogo sana, A au J. A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Kwa jicho tupu ni kama doa. Ndani ya mwaka mmoja, hela ya kiwanda kimoja inaweza kuwa ya kawaida na ya kiwanda kingine ikawa adimu, na ni katalogi tu itakayokuambia ipi ni ipi. Wengi wamegawa sarafu adimu bure kwa kutoitazama herufi hiyo.

Wajerumani wenyewe walikosea pia. Mwaka 1908 walileta sarafu ya hela 5 iliyokuwa kubwa kupita kiasi: milimita 37 na gramu 20 za bronzi. Tano kama hizo mfukoni ni gramu 100. Ilidumu miaka miwili tu, 1908 na 1909. Walipotoa hela 5 mpya mwaka 1913 ilikuwa ndogo, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, yenye tundu katikati kama hela 10 iliyotangulia. Sarafu yenye tundu hutungwa kwenye kamba, na anayeitafuta gizani huijua kwa kidole. Ile kubwa ya gramu 20 leo ni kipenzi cha wakusanyaji, na huonekana Morogoro mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu uzito wake uliifanya iwekwe badala ya kutumika.

Halafu ikaja vita. Ilianza Agosti 1914, na meli za kivita za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Watu walizificha rupia za fedha walizokuwa nazo, kama watu wafanyavyo kila kukiwa na vita. Benki ya koloni ikaanza mwaka 1915 kuchapisha noti za muda hapa hapa nchini, kwenye karatasi iliyopatikana. Lakini askari na vibarua walitaka kitu kinacholia kikianguka.

Ndipo kikaanzishwa kiwanda cha sarafu Tabora, ndani ya karakana ya reli. Hii ndiyo ile herufi T niliyoiona chini ya mwanga wa dirisha. Mwaka 1916 Tabora ilitengeneza hela 5 na hela 20 kwa shaba iliyopatikana, ikiwamo ya maganda ya mizinga iliyoyeyushwa. Juu kuna taji, herufi D.O.A. na mwaka; upande wa pili thamani ndani ya shada la majani. Ukiilinganisha na hela ya Berlin utaona tofauti mara moja. Kingo hazikukaa sawa, picha imehama upande, rangi moja ni ya njano na nyingine nyekundu kulingana na shaba iliyokuwapo siku hiyo. Hela 20 za Tabora zilitoka zaidi ya milioni 1, na ndizo zinazookotwa sana.

Hapa kioo na kitabu hufanya kazi pamoja kuliko mahali pengine popote. Mihuri ya kutengenezea hela 20 ilichongwa kwa mkono zaidi ya mara moja, na kila fundi aliacha mwandiko wake. Anza na taji: lipo kubwa na lipo dogo. Kisha geuza uende kwenye neno HELLER, utazame herufi mbili za L katikati. Kwenye sarafu nyingine ncha za L zimechongoka kama sindano. Kwenye nyingine ncha zimejikunja. Zipo ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Katalogi inazipanga aina hizo, pamoja na madini yake, moja baada ya nyingine, na bei zake zinatofautiana. Mara ya kwanza nilipoziona tofauti hizo nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimeushika mkono wa fundi aliyeinama juu ya chuma mjini Tabora, majeshi yakikaribia, akikunja mkia wa herufi moja kwa namna yake.

Mwaka huohuo Tabora ilitoa sarafu yake mashuhuri, rupia 15 ya dhahabu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika Singida ya leo. Ina tembo anayenguruma mbele ya milima. Zilitengenezwa 16,198 tu. Umashuhuri huo umeleta waghushi wengi, na yeyote anayeonyeshwa tembo wa Tabora kichochoroni asitoe hela kabla ya kupima. Ya kweli ina gramu 7.168 na upana wa milimita 22 hivi. Mizani ya sonara inatosha kuanzia. Kisha kioo: sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa usoni, herufi zake zimevimba badala ya kukatika kwa ukali, na mara nyingine ukingoni pana mstari wa mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana.

Kiwanda hakikudumu. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akirudi kusini kwa kuzunguka Uluguru kuelekea Kisaki. Tarehe 19 Septemba Tabora nayo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Kwa hiyo sarafu zote za Tabora zina mwaka mmoja. Kila moja inayookotwa bondeni mwa Ngerengere au kwenye njia ya Kisaki ilitoka kiwandani miezi michache kabla ya serikali iliyoitoa kuondoka, na aliyeipokea kwa jasho lake alibaki na kipande cha shaba ambacho punde hakikununua kitu.

Waingereza walileta jina jingine. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, ikajaribu florini kwa muda mfupi, na mwaka 1921 ikaleta shilingi. Shilingi ile ina simba na milima nyuma yake, na fedha halisi ndani yake ilikuwa robo tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili fedha hiyo ikaondolewa kabisa. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu pande mbili. Wazee wanaikumbuka senti 50 kwa jina la sumuni.

Hapa pia tafuta herufi ndogo. H na KN ni viwanda vya Birmingham. SA ni Pretoria na I ni Bombay, na hizo mbili zinaonekana kwenye sarafu za miaka ya 1940, wakati bahari ya Ulaya ilipokuwa hatari kwa meli za mizigo. Na ukiona senti 5 au 10 ya mwaka 1936, soma jina la mfalme kwa makini. Edward VIII alitawala Uingereza tangu Januari hadi Desemba mwaka ule, kisha akajiuzulu. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia mtaani. Huku kwetu, kwa kuwa senti zenye tundu hazikuhitaji sura ya mfalme ila jina tu, zilitengenezwa kwa wingi na zikanunulia chumvi na viberiti. Sarafu ambayo Mwingereza aliikosa nyumbani kwake, bibi wa Matombo aliifunga kwenye kanga.

Uhuru ulipofika Desemba 1961 sarafu hazikubadilika siku hiyo. Mwaka 1964 zilitoka senti 5 na 10 zisizo na jina la malkia wala la mtu yeyote. Ukiziweka sambamba na zilizotangulia chini ya kioo, utaona ufalme ulivyotoka kimyakimya. Kisha Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo zikaja sarafu zetu wenyewe: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili ni Julius Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA. Baada ya Kiarabu cha kampuni, Kijerumani cha dola na Kilatini cha wafalme wa mbali, sarafu ya nchi hii ilikuwa imeandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa shule ya Mgeta angeisoma bila kusaidiwa. Kwa mkusanyaji asiye na fedha nyingi, mfululizo huo wa Tanzania tangu 1966 ndio mahali pazuri pa kuanzia. Unapatikana, ni wa bei ndogo, na ni wetu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu na vioo haviwezi kulifanya, na hilo lipo mikononi mwa anayeokota. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Aliziweka kwenye kopo. Zilipokuja kutambuliwa miaka 35 baadaye, tano zilikuwa za masultani wa Kilwa. Sarafu za Kilwa zikiwa Kilwa si ajabu; zikiwa Australia zinawatoa wanahistoria usingizini. Isenberg alikuwa ameweka alama kwenye ramani, mahali alipoziokotea, na alama hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi pale. Bila hiyo zingekuwa shaba tu ndani ya kopo.

Vivyo hivyo hela ya Tabora iliyookotwa Kisaki ina habari ambayo ileile iliyonunuliwa kichochoroni haina. Andika kwenye kikaratasi: imeokotwa wapi, lini, na nani, na mzee aliyekuwa nayo alisema nini. Kiweke pamoja na sarafu ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na unyevu na mbali na plastiki laini inayonata. Na ukiokota sarafu ya kale zaidi, kama hizo za Kilwa, kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hiyo si ya kuuza. Iache ilipo kama unaweza, na utoe taarifa kwa watu wa mambo ya kale.

Nawaomba vijana wa Morogoro jambo lililo ndani ya uwezo wao. Kabla ya kununua sarafu, tafuta kitabu. Kabla ya kuuza, azima kioo cha dalali wa vito uitazame kwa dakika tano. Na kabla ya hayo yote mawili, nenda kwa bibi na babu, uketi, na uulize kama kuna kikopo cha zamani ndani ya nyumba. Sonara akipewa rupia atapima uzito wa fedha na kuiyeyusha, na kilichoandikwa juu yake hakitarudi. Sarafu ya babu yangu, ile niliyoiharibu kwa limao, bado ninayo. Ni hela 20 ya Tabora ya mwaka 1916, yenye taji dogo na L zilizochongoka. Sikumuuliza aliipataje, na sasa hakuna wa kumuuliza.